Mambo ya Nyumbani: Sharbati ya Ukwaju kwa Wageni



Mwezi huu twataka kulijibu swali la mke wa mwalimu mmoja. Asema ya kwamba nyumbani kwake itafanyika harusi ya kijana wao, na wageni watakuwa wengi. Katika nyumba yake pombe hainywewi, naye aona haya kuwapa watu maji matupu, wala hana fedha za kununua soda za kuwatosha wote. Auliza: "Niwape nini, wasije wakasema kwamba tumewaita kututazama tu?"

Swali hili ni jema, na wengi wanalo moyoni. Wako watu wadhanio ya kuwa asiyewapa wageni pombe ana mkono wa birika, na nyumba yake haina furaha. Basi mwenye nyumba huona mashaka, huku ataka kushika ahadi yake, na huku ataka kuwaheshimu wageni wake. Wazee walisema, Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye sharti ajue atakachompa mgeni huyo.

Jibu letu ni sharbati ya ukwaju. Lakini kabla ya kueleza jinsi ya kuitengeneza, yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, maana kwa kosa hilo ndipo nilipojifunza.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwoza mdogo wangu, nami niliagizwa habari ya vinywaji. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kwa kuziogopa kazi nyingi za siku ya mwisho nikaitengeneza sharbati Jumatano jioni. Nikauloweka ukwaju katika maji ya vuguvugu, nikatia sukari kwa wingi, nikaimimina katika mtungi mkubwa niliouazima kwa jirani, nikaufunika kwa kitambaa na sahani juu yake. Nikajiona mtu mwenye akili kuwapita wenzangu waliokuwa bado wakihangaika. Usiku wa Ijumaa nikapita penye mtungi, nikasikia ndani yake kama mnong'ono. Nikadhani ni wadudu waliotua juu ya kitambaa, nikaenda kulala.

Siku ya pili yake jua lilikuwa kali. Wageni walipoketi chini ya mwembe, nikaanza kumpa bilauri mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu. Mzee huyu katika ujana wake alitawaliwa na pombe hata akapotewa na shamba lake na ng'ombe zake. Kisha akaiacha kabisa, na siku ile alikuwa katika mwaka wa tisa pasipo kuionja. Alikuja harusini kwetu kwa moyo mweupe, akijua ya kuwa kwetu hatakutana na lile alilolikimbia. Akanywa funda moja. Akaishika ile bilauri kitambo, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka, kisha akaiweka chini taratibu, akasema, "Mwanangu, nipe maji ya kunywa."

Nilidhani hakuupenda ukali wa ukwaju. Lakini punde akaja jikoni akiitegemea fimbo yake, akainamisha sikio penye mtungi, akaniuliza kwa sauti ya chini, asije akaniaibisha mbele ya watu: "Mwanangu, chombo hiki kilipikiwa nini zamani?"

Nikamjibu, "Baba, nimekiazima tu. Sijui."

Akasema, "Mimi nimelelewa penye mitungi ya pombe. Sauti yake naijua. Usiwape watu kitu hiki."

Tukaimwaga yote nyuma ya nyumba, na wageni wakanywa maji. Aibu ya siku ile nimeisahau. Lakini mkono ule uliotetemeka sijausahau, maana mzee yule alituamini, nami kwa kutojua nilikuwa nimempa kile kile alichokihama.

Basi na tutazame sababu. Katika mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kuandika habari za kuchacha, naye akaonyesha ya kwamba kuchacha si kuoza kwa kinywaji chenyewe tu, bali ni kazi ya viumbe hai vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Chachu ni mojawapo ya viumbe hivyo. Hukaa juu ya maganda ya matunda, huchukuliwa na wadudu, na hukaa katika vyombo. Ikipata maji matamu yenye joto la kadiri, huila sukari, na badala yake hutoa kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo iletayo povu, ndiyo inong'onayo katika mtungi, tena ndiyo ivimbishayo chupa ya plastiki hata ikawa ngumu kama jiwe.

Wala tusidhani ya kuwa kileo hicho ni kidogo siku zote. Lita moja ya sharbati yenye sukari gramu 67, chachu ikiachwa kuila sukari hiyo yote, yaweza kufika asilimia 4 ya kileo, nacho ni sawasawa na cha bia nyingi. Kwa siku tatu huenda isifike huko; lakini kwa mtu aliyeacha pombe funda moja latosha kumwamshia tamaa.

Makosa yangu yalikuwa matatu. La kwanza, sikuchemsha. Maji ya vuguvugu hayaui chachu, bali huifurahisha. La pili, mtungi ulikuwa umepikiwa pombe. Udongo una vinyweleo, na chachu hujificha ndani yake, hata ukiosha kwa maji mara tatu. La tatu, niliiacha sharbati siku tatu katika joto. Katika habari hii hakuna jambo geni kwetu. Kila aliyelelewa penye togwa ajua ya kwamba togwa ya leo asubuhi si togwa ya kesho kutwa. Nami nililijua neno hilo kwa togwa, ila sikufikiri kulitia katika sharbati.

Tena iko sababu nyingine ya kuchemsha, nayo ni maji yenyewe. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu wengi sana, na daktari James Christie, aliyekuwako huko, akaandika kitabu cha habari zake kilichochapwa mwaka 1876. Wala hayo si mambo ya zamani tu, maana mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Ugonjwa huu hupita katika maji na vyakula vilivyochafuliwa. Mtu aweza kualika watu mia kwa furaha, akawapa ugonjwa katika bilauri nzuri. Wala mtu asidanganywe na ukali wa ukwaju, akidhani ya kuwa ukali huo watosha kuyasafisha maji. Lisafishalo ni moto.

Sasa tuseme habari za tunda lenyewe. Mkwaju ni mti wa nchi zetu. Wataalamu wa mimea wasema asili yake ni Afrika ya nchi za joto, ingawa umekaa India tangu kale, na Waarabu waliliita tunda lake tamru hindi, yaani tende ya Kihindi. Na kwa neno hilo Wazungu wakapata jina lao. Mti huu huvumilia ukame, kwa hiyo waonekana katika nchi kavu kama ya Dodoma, na pwani pia. Tunda lake hukaa katika ganda la rangi ya udongo, na ndani mna nyama nyeusi-nyeusi yenye nyuzi na kokwa ngumu. Ukali wake watoka katika asidi iliyomo kwa wingi kuliko katika matunda mengi, na pamoja na asidi hiyo mna sukari yake yenyewe. Jirani zetu Waislamu wa pwani huijua sana kazi ya sharbati hii, nao huinywa wakati wa kufuturu. Ukiwa na jirani wa namna hiyo, usione haya kumwuliza.

Vitu utakavyotaka ni hivi: ukwaju robo kilo, yaani gramu 250, pamoja na kokwa zake, maji lita 3, sukari gramu 200, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, iliki punje nne au tano, na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Uchague ukwaju ulio laini na wenye kunata. Ukiona umeota ukungu, au wanuka kama pombe, usiununue hata ukiwa rahisi.

Kwanza, nawa mikono yako kwa sabuni, kisha toa maganda na nyuzi kubwa. Uuoshe ukwaju upesi kwa maji safi kuondoa mchanga.

Pili, chemsha lita moja ya maji. Yakiisha kutokota, uyamimine juu ya ukwaju katika bakuli la kauri au la kioo, ufunike, uache nusu saa. Ufikiche kwa mwiko hata nyama yote iachane na kokwa.

Tatu, chuja kwa chujio au kwa kitambaa safi kilichochemshwa. Usiziponde kokwa, maana haziongezi utamu.

Nne, weka maji yale mazito motoni pamoja na lita mbili za maji zilizobaki. Tia tangawizi iliyopondwa, na iliki, na sukari, na ile chumvi. Koroga, uache hata yatokote kwa nguvu juu yote, si pembeni tu. Tangu hapo uhesabu dakika tano. Maji peke yake yatosha dakika moja ya kutokota, na kwa wakaao nchi za juu kupita mita 2,000 dakika tatu. Lakini hapa twataka tangawizi nayo itoe nguvu yake.

Tano, epua, chuja tena, funika vizuri, uache ipoe. Usiiache sharbati usiku kucha katika sufuria ya alumini wala katika chombo cha shaba, kwa kuwa asidi hula madini hayo na kuyaingiza katika kinywaji. Uihamishe katika chombo cha kioo, au cha kauri, au katika mtungi wa udongo.

Kwa kipimo hiki utapata bilauri kama kumi na mbili za robo lita. Kila bilauri ina sukari uliyotia gramu kama 17, yaani vijiko vinne hivi vya chai. Na soda nyingi zina sukari zaidi ya gramu 100 katika lita moja. Hata hivyo si kinywaji cha kunywa kutwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari amwulize mganga wake. Nawe umchotee yake kabla ya kutia sukari, asionekane mbele ya watu kana kwamba amenyimwa. Wala ukwaju mwingi haumfai mwenye tumbo la kuendesha, maana hulegeza tumbo. Na mtoto mchanga asiyefika miezi sita, chakula chake na kinywaji chake ni maziwa ya mama tu.

Dada yetu aliyeuliza ana wageni wengi. Basi na azidishe mara nne: ukwaju kilo moja, maji lita 12, sukari gramu 800, na tangawizi na iliki vivyo hivyo. Hiyo yawatosha watu 48, kila mtu bilauri moja. Kama wageni ni mia, na kila mmoja atakunywa bilauri mbili, atataka lita 50. Basi afanye kipimo hicho kikubwa mara nne, na cha tano kidogo kwa akiba. Asiitie yote katika sufuria moja iliyojaa hata mdomoni, maana haitatokota vizuri. Ni afadhali apike kwa zamu, na wanawake wawili wamsaidie.

Twaja sasa katika neno lililo kubwa kuliko yote, nalo ni saa. Sharbati na ipikwe alfajiri ya siku ile ile itakaponyewa. Walio na jokofu wanaweza kuipika siku moja mbele, wakaiweka humo ikiisha kupoa, nayo itadumu siku mbili au tatu ikiwa baridi sawasawa. Asiye na jokofu asiilaze. Kama ataka kupunguza kazi, siku ya mbele na achague ukwaju, atoe maganda, apime sukari, aponde tangawizi na kuifunika, achote maji, akusanye kuni, na kuviosha vyombo vyote. Kazi hizo zaweza kutangulia. Maji na ukwaju na sukari visikutane mpaka alfajiri. Wazee hunena, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi katika habari ya sharbati twasema, siku ya pili imwage.

Kwa kupoza bila jokofu, mtungi wa udongo usiopakwa rangi ni msaada mkubwa. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, hukauka kwa upepo nje, nayo katika kukauka huchukua joto. Kwa hiyo uuweke kivulini penye upepo, juu ya mchanga uliolowa. Ila mtungi huo uwe wa maji tu tangu siku uliponunuliwa. Ukiuazima, uliza kwanza swali lile la mzee: ulipikiwa nini? Kama hujui, tumia ndoo safi ya plastiki yenye kifuniko, uisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Barafu pia usinunue ovyo. Barafu ya maji machafu ni maji machafu, maana ubaridi hauui vijidudu kama moto uuavyo.

Wakati wa kugawa, mtu mmoja achote kwa kata yenye mpini mrefu, na mtu asitumbukize bilauri wala mkono chomboni. Bilauri zilizotumika zioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi kabla ya kumpa mwingine. Mara nyingi kinywaji kilichopikwa kwa uangalifu huharibiwa na kikombe cha mwisho. Vijana wa shule waweza kuifanya kazi hii vizuri sana, ikiwa mwalimu amewaonyesha mapema na kuwaeleza sababu yake.

Sheria hizi si za ukwaju peke yake. Maji ya nanasi, ya embe, ya miwa na ya ubuyu yote huchacha yakilala katika joto. Nanasi na miwa huchacha upesi mno, maana chachu imo juu ya maganda yake, na utamu ni mwingi. Mama wa nyumba akizishika sheria tatu, yaani moto, chombo safi, na kunywa siku ile ile, aweza kuwapa watu tunda lo lote la shamba lake pasipo hofu.

Huenda msomaji akasema, "Kazi zote hizi kwa ajili ya kinywaji tu?" Nami namjibu, ndiyo, kwa sababu mgeni hawezi kuchungulia jikoni kwetu. Hupokea bilauri kwa mikono miwili na kunywa, akiamini ya kuwa tumekwisha kumwangalia. Mwingine ni mtoto, mwingine ni mama mwenye mimba, na mwingine ni mtu anayepigana vita ambavyo hatavitaja mbele ya watu. Kuwaheshimu hao si kuwa na meza kubwa.

Mzee yule alikuja kwetu tena mwaka uliofuata, siku ya kumbariki mtoto wa mdogo wangu. Nilimwamkia, nikamletea bilauri, nami nilikuwa na woga. Aliitazama kwanza, akaniuliza, "Imepikwa lini, mwanangu?"

Nikasema, "Leo alfajiri, Baba. Na mtungi ni wangu mwenyewe, wa maji."

Akanywa yote, akaomba ya pili. Tangu siku ile sijapata kuilaza sharbati hata usiku mmoja.

Basi dada, uanze kuutafuta ukwaju wako mapema, nasi twakutakia harusi njema. Atakayejaribu na atuandikie, atuambie imekuwaje kwake. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuyahifadhi maji ya kunywa nyumbani wakati wa masika. Salaam kwa wote wa nyumbani mwenu.